Fundi wa Maji Moto

Fundi mzuri wa sola ya maji huja kukagua nyumba akiwa na futi kamba, pimamaji na dira, basi. Hakimbilii kupanda juu ya paa. Huingia ndani kwanza, akaomba kuonyeshwa bafu, jiko na mahali pa kufulia, halafu akaanza maswali. Mnaoga wangapi? Saa ngapi? Nani hutoka kabla ya kucha? Maji ni ya bomba la mji au ya kisima? Yakichemka, sufuria inabaki na ukoko mweupe? Mwenye nyumba alitarajia kutajiwa bei. Fundi anataka kwanza kujua nyumba inavyoishi, maana tangi atakalopandisha lazima lilingane na watu watakaolitumia.

Nimewatazama mafundi hawa wakiwa kazini Nairobi, Ngong na Limuru, na kila ninavyowatazama ndivyo ninavyozidi kuwaheshimu. Wengi wetu tukiamua kuachana na shawa ya umeme au sufuria ya maji kwenye jiko la makaa, hudhani kazi imekwisha tukishalipia kifaa dukani. Vifaa viwili vya duka moja, bei moja, hupandishwa kwenye mapaa mawili ya mtaa mmoja. Nyumba moja ikaoga maji moto alfajiri ya mwezi wa saba, nyingine ikarudi kwenye sufuria. Tofauti ni mkono uliovifunga.

Mkono huo huanza na hesabu. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 18 hadi nyuzi 60 kunahitaji karibu uniti 10 za umeme. Shawa ya kilowati 5 ikiwashwa dakika 10 hula uniti 0.8 hivi, kwa hiyo watu watano wakioga mara moja kwa siku, mwezi ukiisha uniti 120 zimepita bafuni. Fundi akishaandika hayo hugeukia upande wa jua. Paneli ya mita 2 za mraba, siku ya jua zuri huku nyanda za juu, huweza kuvuna uniti 5 hivi za joto. Uniti hizo zitapandisha lita 100 kwa nyuzi 43, au lita 200 kwa nyuzi 21 tu. Ndiyo maana fundi mwaminifu humkataza mteja tangi kubwa juu ya paneli ndogo, hata kama tangi kubwa lingemletea faida zaidi. Maji yatakuwa mengi, ila ya uvuguvugu, na mteja atalilaumu jua.

Baada ya hesabu ndipo anatoa dira. Hapa kuna jambo ambalo sisi tunaokaa karibu na ikweta hulisahau kwa kuwa jua limo utosini mwetu karibu mwaka mzima. Limo, lakini linayumba. Adhuhuri ya tarehe 21 Juni, jua la Nairobi huwa upande wa kaskazini, karibu nyuzi 25 kutoka utosini. Ifikapo Desemba limeshavuka kwenda kusini kwa nyuzi 22. Fundi asiyefikiri huiweka paneli upande wowote ambao bati limeinamia. Anayejua kazi yake huuliza ni lini maji moto yanahitajika zaidi. Jibu ni kipupwe, Juni hadi Agosti, na wakati huo jua liko kaskazini. Kwa hiyo huielekeza paneli kaskazini na kuiinamisha nyuzi 15 hivi. Mwezi wa Januari paneli hiyo itapoteza kidogo, na hakuna atakayejali, kwa sababu Januari jua ni la kumwaga. Nilimwona fundi mmoja akiigeuza kidogo zaidi, kuelekea magharibi. Alieleza kwamba mawingu ya Julai hufunika asubuhi na mara nyingi huachia alasiri, naye hakutaka kuipoteza ile alasiri. Kitabu kinachokuja ndani ya boksi hakielezi hilo. Mtu hulijua kwa kuishi chini ya anga hiyo na kuitazama.

Kisha unakuja mteremko, na hapo ndipo uzuri wa kazi hii ulipo. Mtambo wa kawaida wa sola ya maji hauna pampu, hauna mota, hauna hata kitu kimoja kinachozunguka. Maji yakipata joto ndani ya paneli huwa mepesi, yakapanda yenyewe hadi kwenye tangi lililo juu. Ya baridi, yaliyo mazito, hushuka kutoka chini ya tangi na kuingia paneli upande wa chini. Mzunguko huo huendelea kimya kimya maadamu jua lipo. Nguvu inayousukuma ni ndogo mno, na ndiyo sababu hauvumilii uzembe. Bomba la kupandisha maji moto likishuka mahali pamoja tu, hata kwa upana wa vidole viwili, hewa hukusanyika kwenye kile kibonde kilichopinduka na maji husimama. Mchana kutwa paneli itaungua na tangi litabaki baridi.

Nimemtazama fundi akilala kifudifudi juu ya mabati yaliyoanza kupata joto, pimamaji mkononi, akirekebisha vishikizo vya bomba kimoja baada ya kingine ili bomba lipande bila kushuka popote, mithili ya mchimba mfereji wa Marakwet anayeyachungia maji mteremko wao ubavuni mwa mlima. Hata paneli yenyewe haikai sawa kabisa. Ile pembe inayotolea maji moto huinuliwa sentimita moja au mbili kuliko mwenzake, ili kiputo cha hewa kipate njia. Mwenye nyumba, aliyekuwa chini akitazama, alisema kwamba inaonekana imepinda. "Imepinda kwa kazi, mama," fundi akamjibu. "Hewa ikikaa hapa, sola yako imekufa na jua linawaka."

Usiku nao una sheria yake. Paneli hupoa haraka baada ya magharibi, na tangi likiwa chini mno, mzunguko hugeuka: maji moto huanza kurudi kwenye paneli na kuupasha moto usiku. Panapotumika tangi lililotenganishwa na paneli, fundi huhakikisha chini ya tangi pako juu ya kilele cha paneli, kwa sentimita 30 au zaidi paa likiruhusu. Maarifa haya yana umri. Clarence Kemp wa Baltimore, Marekani, alipata hataza ya kipasha maji cha jua mwaka 1891, lakini matangi yake yalikaa ndani ya sanduku lenyewe la kioo lililokusanya joto, kwa hiyo joto lilipotea mara jua lilipozama. Mwaka 1909, huko California, William J. Bailey alilitoa tangi ndani ya sanduku, akalifunika vizuri na kuliweka juu ya paneli. Biashara yake aliiita Day and Night, Mchana na Usiku, na jina hilo lilikuwa ahadi ya kweli. Mpangilio tunaoufunga leo Limuru ni ule ule wa Bailey.

Kuhusu uzito nitasema machache. Lita 200 ni kilo 200 kabla hujahesabu chuma na kioo, na kenchi nyingi za nyumba zetu hazikupigiwa hesabu hiyo. Fundi hupanda darini na tochi, akatafuta ukuta unaobeba, akaweka tangi juu yake. Misumari ya bati huipigilia kwenye mgongo wa bati, kamwe si kwenye mfereji wake, na mipira chini ya vichwa.

Ninachopenda zaidi kukitazama ni uunganishaji wa mabomba ya plastiki ya PPR. Chuma cha kuchomea hupashwa hadi nyuzi 260. Bomba la milimita 20 huingizwa upande mmoja na soketi upande wa pili, kwa sekunde 5; la milimita 25, sekunde 7. Kisha huchomolewa vyote viwili na kuingizwa kimoja ndani ya kingine, moja kwa moja, bila kuzungusha, na kushikwa kimya hadi vigandane. Ukipitisha muda, plastiki huyeyuka kupita kiasi na kuziba tundu kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Ukipunguza, kiungo hushika leo na kuvuja baada ya miezi. Kijana anayefundishwa huhesabu kwa sauti. Fundi mkuu hahesabu tena. Hutazama ule mdomo mdogo wa plastiki unaofura kuzunguka kiungo, na akiuona umetoka sawa pande zote hupita. Ukitoka upande mmoja zaidi, hukata na kuanza upya, hata ikiwa kipande ni cha mwisho na duka liko mbali.

Kwenye mitambo ya mirija ya kioo jicho lina kazi nyingine. Kila mrija ni kuta mbili za kioo zilizofyonzwa hewa katikati, na mwisho wake wa chini una doa la fedha linalong'aa. Doa likigeuka jeupe, hewa imeingia na mrija huo hautunzi joto tena. Fundi hugeuza kila mrija kabla ya kuufunga, analitazama doa, halafu anaulainisha mdomo kwa maji ya sabuni ili upite kwenye mpira bila kuuchana. Mirija huifunika isipigwe na jua, na kujaza maji hufanywa asubuhi na mapema au jioni, kwa kuwa mrija mtupu uliokaa juani ukimwagiwa maji baridi hupasuka.

Maji yakishajaa, fundi hufungua koki zote za maji moto hadi zitoe maji bila kukohoa hewa. Kesho yake mchana hurudi, kwa sababu viungo hutanuka vikipata moto na kilichonyamaza jana huweza kulia leo. Hapo hutumia kiganja tu. Hushika bomba la juu, kisha la chini. La juu likiwaka na la chini likiwa baridi, maji yanatembea. Mwisho hukagua valvu ya kuchanganyia maji moto na baridi, kwa sababu maji ya mirija huweza kukaribia kuchemka, na mtoto hajui koki ipi ni ipi.

Mwaka 2012 Kenya ilitunga kanuni zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yapate angalau asilimia 60 ya mahitaji hayo kutoka kwa jua. Ubishi uliofuata ulihusu zaidi gharama za vifaa. Naona tulipaswa kubishana zaidi kuhusu mafundi: wanafundishwa wapi, nani anakagua kazi yao, na kwa nini tunawalipa kama wabeba mizigo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiamua kuhama kutoka umeme au makaa, usianze na duka. Tafuta fundi aliyefunga mitambo ambayo bado inafanya kazi, uende ukafungue koki za nyumba hizo alfajiri ya kipupwe. Akikuuliza maswali mengi, mvumilie. Wala kazi yake haiishii siku ya kufunga: ndani ya tangi la chuma mna fimbo ya magnesi inayoliwa na maji ili tangi lisiliwe. Baada ya miaka michache huisha, na upesi zaidi kwa maji ya kisima yenye chumvi. Mpange mapema, mkubaliane malipo, arudi kuibadilisha.