Jumapili za Frank Cole

Namba 21 haihitaji fundi. Mtoto wa shule ya msingi huziona 3 na 7 ndani yake papo hapo, na 23 huijua kuwa tasa, kwa kuwa haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kazi inaanza namba zinaporefuka. Chukua 2 kwa kipeo cha 67, kisha toa 1, utapata 147,573,952,589,676,412,927. Mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliiweka kwenye orodha yake ya namba tasa mwaka 1644. Mwaka 1876 mwanahisabati Édouard Lucas akathibitisha kwamba si tasa, ila kwa njia isiyofichua kigawo hata kimoja. Ilijulikana inagawanyika, kwa namba gani, hakuna aliyejua.

Aliyeifungua ni Frank Nelson Cole, profesa wa Columbia, New York. Ninachokistahi kwake ni kwamba hakubahatisha. Kigawo tasa cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 134 kilichoongezwa 1, na kikigawanywa kwa 8 kibakishe 1 au 7. Kanuni hizo mbili zinaangusha namba nyingi mno kabla kalamu haijagusa karatasi. Bado, hadi kufikia kigawo kilichokuwa kikitafutwa, zinasalia zaidi ya laki saba, na kuijaribu kila moja ni kugawanya namba ya tarakimu 21 kwa mkono! Cole akazichekecha upya kwa mabaki ya vipeo vya pili, akizipunguza tena na tena, mpaka zikabaki chache zinazostahili jasho lake.

Akaleta jibu mbele ya wanahisabati wenzake mwezi Oktoba 1903. Mwanahisabati Eric Temple Bell anasimulia kwamba Cole alikwenda ubaoni kimya, akakokotoa kipeo kile, akatoa 1. Kisha pembeni akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, na majibu yakalingana. Alipoulizwa baadaye kazi ilimchukua muda gani, akataja Jumapili za miaka mitatu. Bell alipenda kunogesha masimulizi, lakini zile namba mbili hazihitaji kunogeshwa na mtu.

Tena hazimtaki msomaji amwamini Cole. Kalamu na karatasi pana vinatosha, na jioni moja. Anzia kulia: 1 mara 7 ni 7, na namba ya Mersenne inaishia na 7. Zimebaki tarakimu 20.