Mishale Mitano na Mchungaji wa Ugogo

Wanasaikolojia wana kipimo kimoja cha umakini ambacho kimesifiwa sana, na sehemu kubwa ya sifa hizo kinastahili. Mtu huketishwa mbele ya kompyuta, akaonyeshwa mishale mitano katika mstari mmoja. Kazi yake ni kubonyeza kitufe kueleza kama mshale wa katikati umeelekea kushoto au kulia. Ile minne ya pembeni mara huelekea kulekule, mara huelekea kinyume ili kumpotosha. Kabla yake huweza kutokea kinyota cha kumtahadharisha, au cha kumwonyesha mahali mishale itakapotokea.

Jin Fan na wenzake, akiwamo Michael Posner, walikitangaza kipimo hiki mwaka 2002. Kwa kutoa muda mmoja katika mwingine walipata alama tatu: ya kukaa tayari, ya kuelekeza akili mahali panapotakiwa, na ya kujizuia usipotoshwe. Kwa watu wazima 40 wa kwanza, tahadhari iliokoa wastani wa milisekunde 47, kuonyeshwa mahali 51, na mishale pinzani iliwachelewesha 84.

Lakini kutoa ni hesabu yenye hila. Watafiti wenyewe, kwa uaminifu wao, waliwapima watu walewale mara mbili. Alama ya kujizuia ilioana kwa 0.77, si haba; ile ya kukaa tayari kwa 0.52 tu. Muuza karanga wa Soko la Majengo hapa Dodoma akiwa na kopo linalobadilika kiasi hicho kati ya mteja na mteja, angekosa wateja. Hata hivyo kwa kopo hilohilo watu hulinganisha kundi na kundi, na nchi na nchi.

Chukua suala la lugha. Mwaka 2008 Albert Costa na wenzake walitumia mishale hii kulinganisha vijana wa Hispania wenye lugha mbili na wenye lugha moja, na wa lugha mbili wakawa wepesi zaidi. Vyema. Je, mtoto wa Bahi, mwenye Kigogo cha nyumbani, Kiswahili cha darasani na Kiingereza kinachomngoja sekondari, tumweke kundi gani? Na wa lugha moja wa kumlinganisha naye tutamtoa kijiji gani? (Kwa watoto mishale hubadilishwa kuwa samaki. Huku kwetu wengi humjua samaki wa Mtera akiwa amekwisha kaangwa, haelekei kushoto wala kulia.)

Hofu yangu ni neno "mzito". Mtoto asiyewahi kugusa vitufe atachelewa, na kuchelewa huko kutaandikwa kuwa ni akili yake. Kumbe yako matokeo yanayotuonya. Mwaka 2011 Jan de Fockert na wenzake walichapisha utafiti wa mishale miongoni mwa Wahimba, wafugaji wa Namibia. Wahimba walijibu polepole kuliko Waingereza, lakini mishale ya pembeni iliwasumbua kidogo zaidi, kwa tofauti kubwa. Aliyesoma safu ya kasi peke yake angeandika kinyume cha ukweli.

Sidai kwamba Mgogo ni Mhimba kwa kuwa wote wana ng'ombe. Nadai kwamba kijana anayechunga kutwa, jicho likiwa kwa ndama anayenyemelea uwele wa jirani, ana umakini wa saa nyingi ambao kazi ya nusu saa mbele ya kioo haikuundwa kuupima.

Njia bora imekwisha kujaribiwa nchini, ingawa ni pwani, karibu na Bagamoyo, na ilihusu kufikiri na si mishale. Robert Sternberg na Elena Grigorenko, wakiwa na watafiti wa Kitanzania, waliwapima wanafunzi wa vijijini, wakawafundisha kwa muda usiofika saa moja namna ya kuyakabili maswali yale, kisha wakawapima tena. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Alama zilipanda kiasi. Lililo kubwa zaidi ni kwamba mpangilio ulivurugika. Aliyetangulia mara ya kwanza hakuwa lazima atangulie mara ya pili, ilhali kwa wale ambao hawakufundishwa mpangilio ulibaki karibu uleule. Basi atakayekuja Bahi au Kongwa na mishale yake aje na siku mbili. Ya kwanza awaachie watoto vitufe wachezee mpaka wavizoee, na atakapochapisha, alama za siku zote mbili ziwekwe ukurasa mmoja.