Bodi Zilizolia Ukutani Denmark

Kosa la Denmark halikutokea kiwandani. Lilitokea kwenye mchoro wa ukuta. Kuanzia mwaka 2010 hivi hadi 2015, bodi za saruji ya magnesiamu yenye kloridi zilifungwa nyuma ya ganda la nje la majengo mengi ili kuzuia upepo. Uamuzi huo ulikuwa mbaya tangu siku ya kwanza.

Ukuta wa namna ile huachiwa mwanya ili hewa ya nje ipite nyuma ya ganda. Aliyeuchora angeweza kujitetea kwamba mvua haiigusi bodi. Ni kweli, lakini hewa inaigusa usiku na mchana, na hewa ya Denmark wakati wa baridi huwa na unyevu unaokaribia asilimia 90. Magnesiamu kloridi iliyobaki huru ndani ya bodi huanza kuvuta mvuke unyevu ukifika asilimia 33 tu. Bodi zikashiba, zikatoka matone ya maji ya chumvi, na watu wakasema zinalia. Matone yakateremka kwenye fremu za mbao, zikaloa na kuota kuvu. Yakafika kwenye skrubu na vifungo vya chuma, kutu ikavila.

Bodi hizo zilisifiwa kwa kustahimili moto, kutoota kuvu na kuwa ngumu. Sifa zenyewe si za uongo, ila hakuna hata moja inayojibu swali la unyevu. Safu hii haitachoka kulirudia: nguvu ya mgandamizo ya siku 28, iliyopimwa kwenye kipande kilichotunzwa pakavu, si cheti cha ukuta wa nje. Wauzaji wanaendelea kuipeperusha, na wahandisi wanaendelea kuipokea.

Mafundi wa zamani waliijua mipaka ya saruji ya magnesiamu yenye kloridi. Waliichanganya na vumbi la mbao wakamwaga sakafu za ndani, mahali pakavu, na zikadumu. Stanislas Sorel, Mfaransa aliyeitangaza mwaka 1867, ndiye aliyepata hataza ya kukinga chuma kwa zinki mwaka 1837. Mtu huyo hakuhitaji kufundishwa uadui wa chumvi na chuma.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark walilichunguza vizuri tatizo la bodi kulia.

Kuhusu tiba, kemia iko wazi. Nguvu hutokana na fuwele za awamu ya 5, sindano zilizosokotana. Maji yakiziosha, kloridi hutoka na kubaki magnesiamu haidroksidi isiyoshikana vizuri. Oksidi ya magnesiamu inatakiwa izidi moli 5 kwa kila moli 1 ya kloridi, ili chumvi isibaki bila mwenzi. Asidi ya fosforiki au fosfeti kidogo huzilinda fuwele, na jivu la makaa ya mawe husaidia. Lakini fosfeti haiiondoi chumvi ya ziada: bodi inaweza kubaki ngumu huku ikiendelea kulia.

Kwa ukuta wa nje, basi, saruji ya magnesiamu ya aina ya salfeti, yenye asidi ya sitriki kidogo, ndiyo ya kufikiriwa kwanza, kwa kuwa haina kloridi ya kutiririka. Hata hiyo isipokelewe kabla muuzaji hajaonyesha nguvu yake baada ya siku 28 ndani ya maji, ikilinganishwa na ya kipande kikavu, pamoja na bodi nzima iliyokaa miezi kwenye chumba chenye unyevu wa asilimia 90, skrubu za chuma zikiwa ndani yake.