Majina Yaliyokatwa: Juu ya Utangulizi wa Filamu ya Psycho

Tumezoea kuyahesabu majina yanayotangulia filamu kuwa ni kama jalada la kitabu: mtu hulifunua apite. Psycho, filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960, yatulazimu kuyaacha mazoea hayo.

Utangulizi wake ulibuniwa na Saul Bass. Mistari ya kijivu yapita mbio juu ya weusi, mara imelala, mara imesimama. Ndiyo iletayo majina, na ndiyo iyafutayo. Jina la filamu lenyewe limekatwa mapande, na mapande hayo hayakukaa sawa. Muziki wa Bernard Herrmann ni wa ala za nyuzi peke yake.

Husemwa mara nyingi kwamba jina lililokatwa ni mfano wa akili iliyopasuka. Silipingi neno hilo. Lakini hayo ni maelezo ya mtu aliyekwisha kuujua mwisho wa hadithi. Mtazamaji wa mara ya kwanza apewa nini? Kwa maoni yangu, apewa somo la kusoma: kwamba kilichoandikwa wazi si lazima kiwe cha kuaminiwa.

Ushahidi ni huu. Miongoni mwa wachezaji, Janet Leigh atajwa mwisho, naye peke yake atajwa pamoja na jina la mhusika wake, Marion Crane. Hiyo ni heshima, tena ni ahadi kwamba tutakuwa naye. Filamu haijafika nusu, Marion ameuawa. Tena, majina yakiisha, maandishi hayakomi: mji ni Phoenix, Arizona, siku ni Ijumaa, tarehe 11 Desemba, saa ni nane na dakika 43 mchana. Usahihi huo ni kama wa hati ya mahakama, wala hautuonyi lolote la yatakayotokea. Ndipo kamera inapoingia dirishani, chini ya pazia la vibao vilivyolala. Na mistari ile twaiona tena, sasa imekuwa chombo cha nyumbani.

Basi atakayeifasiri filamu hii kwa Kiswahili asidhani kwamba kazi yake yaanza pale mtu anapofumbua kinywa. Akiandika "Janet Leigh kama Marion Crane", amelinganisha tu. Akiandika "akiwa Marion Crane", ile -ki- yaonyesha hali inayoendelea. Na bila ya ahadi hiyo, hakuna kitakachovunjwa.