Swali la Mhusika Mkuu: Mfano wa A Grain of Wheat

Katika ufundishaji wa riwaya, swali la kwanza ambalo mwanafunzi huulizwa ni hili: mhusika mkuu ni nani? Kwa Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) swali hilo halina taabu. Karama yu peke yake mbele ya baraza, na hoja za kitabu zapitia kinywani mwake. Lakini likiulizwa juu ya A Grain of Wheat ya Ngugi wa Thiong'o (1967), swali lilo hilo humpotosha msomaji.

Jibu la mazoea ni Mugo. Ndiye anayeifungua riwaya, na ndiye aliyemsaliti Kihika kwa serikali ya kikoloni. Lau yeye pekee ndiye mkuu, riwaya ingekoma pale anapoungama mbele ya umati wakati wa sherehe za Uhuru, Disemba 1963. Haikomi. Zafuata sura zenye majina ya watu: Karanja, Mugo, kisha Warui na Wambui pamoja, na ya mwisho, "Harambee", ni ya Gikonyo na Mumbi. Mpango huo si pambo. Waonyesha kwamba katika kijiji cha Thabai usaliti hauna mwenyewe mmoja. Gikonyo alikiri kiapo kizuizini ili arudi kwa mkewe; Karanja alishika bunduki upande wa serikali; Mugo aliuza mtu. Kila mmoja amebeba kosa lake asijue la mwenziwe. Mwandishi ambaye angemtegemea mtu mmoja angelazimika ama kumpa ujuzi wa mambo yote, ama kuyaleta ya wengine kwa njia ya uvumi.

Kinachowaunganisha watu hawa ni sikio la Mugo. Gikonyo humwendea kibandani kutua mzigo wake. Mumbi naye humsimulia yaliyompata. Na wote wawili wanamfungulia moyo mtu ambaye, kuliko wengine wote kijijini, hastahili kuaminiwa. Wahusika wakiwa wengi na maisha yao yasigusane, riwaya huwa mkusanyo wa hadithi fupi tu. Hapa kila siri inayotolewa yazidi kumbana msikilizaji, hata kimya chake nacho kinakuwa tendo.

Upungufu uko kwa Mumbi. Wanaume wamepewa faragha ya mawazo, hata Thompson, ofisa Mwingereza. Mumbi, kwa sehemu kubwa, msomaji humjua anapozungumza na mwanamume au anapotamaniwa naye. (Wahakiki wanaomsifu kuwa mama wa taifa wamemwondolea hata hicho kidogo alichopewa.) Kigoda ambacho Gikonyo anakusudia kukichonga, akiwa hospitalini na mkono uliovunjika, kina sura ya mwanamke mjamzito: ni Mumbi kama mumewe anavyomtaka. Ila ni Mumbi huyo huyo anayekataa suluhu ya haraka pale kitandani, akitaka yaliyopita yazungumzwe kwanza. Kisha anaondoka, na Gikonyo inambidi angoje.