‘Imepita’, ‘inapita’ au ‘eti itapita’? Uvumi wa sheria za bunduki na kitenzi chake

Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Methali hii imekuwa ngao ya kila mvumishaji. Akibanwa aonyeshe alikoitoa habari yake, hujibu, “Lisemwalo lipo, bwana,” na mjadala unafungwa hapo. Lakini yapo mambo ambayo kuwapo na kuwa njiani ni vitu viwili tofauti kabisa, na sheria ni mojawapo. Sheria iliyopo humfunga mtu. Mswada ulio njiani haumfungi yeyote, na mara nyingi huishia huko huko njiani.

Katika Bonde la Ufa la kati, tofauti hiyo si ya darasani tu. Nakuru inapakana na Baringo na Laikipia, kaunti ambazo wizi wa mifugo na bunduki haramu vimezitesa kwa miaka mingi. Ni eneo hili hili ambalo Januari 2008, katika ghasia zilizowaua zaidi ya watu 1,100 nchini, wakazi wa Nakuru, Naivasha na Molo waliona jirani akimhofia jirani. Mtu akiambiwa kwamba kesho atapokonywa kinga yake, au kwamba wa ng'ambo ya pili wameruhusiwa kubaki na yao, hangoji kusoma Gazeti Rasmi la Serikali. Ndiyo maana lugha ya uvumi wa aina hii inastahili uhakiki kama inavyostahili lugha ya riwaya.

Tuchukue ujumbe wa mfano. Nimeuunda mwenyewe, ila msomaji wa Njoro au Subukia ataitambua sura yake: “Serikali imepitisha sheria mpya. Kila aliye na silaha aisalimishe kwa siku tatu, la sivyo atapokonywa.” Sentensi mbili tu. Sarufi yake haina dosari, na hapo ndipo hatari ilipo.

Tuanze na “Serikali imepitisha”. Katika mazungumzo yetu, serikali ni chifu, ni polisi, ni waziri, ni mbunge, hata hakimu. Katiba ya 2010 haikubaliani na matumizi hayo. Anayetunga sheria za nchi ni Bunge. Mswada huchapishwa, husomwa mara ya kwanza, wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni kwa mujibu wa Kifungu cha 118, husomwa mara ya pili, hupitiwa na kamati, kisha husomwa mara ya tatu. Ukifika kwa Rais, ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurejesha Bungeni. Akishatia sahihi, sheria huchapishwa katika Gazeti Rasmi ndani ya siku saba, na huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa sheria yenyewe itaje siku nyingine.

Kwa hivyo, mtu akikuambia steji, “Si umesikia? Ile sheria ya bunduki imepita!” muulize, imepita wapi? Imepita usomaji wa kwanza? Imepita kamati? Au imepita mezani kwa Rais? Kiambishi -me- huonyesha tendo lililokamilika, lakini hakisemi ni tendo lipi. Neno “mswada” lenyewe lingetosha kutukumbusha. Ndilo neno lile lile tunalolitumia kwa kazi ya mwandishi ambayo haijachapishwa kuwa kitabu. Hakuna anayesema riwaya imetoka ilhali mswada bado umo mkobani mwa mwandishi.

Hata kupita kwenyewe si mwisho wa safari. Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama ilitiwa sahihi Desemba 19, 2014, baada ya vurugu Bungeni. Miongoni mwa sheria ilizozigusa ni ile ya bunduki, Sura ya 114. Kufikia Februari 2015, Mahakama Kuu ilikuwa imevifuta vifungu vinane vya sheria hiyo ya marekebisho. Aliyesema Desemba kwamba “imepita” alisema kweli. Aliyeendelea kuisambaza nzima nzima mwezi Machi, bila kutaja uamuzi wa korti, alikuwa ameanza kupotosha.

Neno la pili ni “mpya”. Matukio mawili yaliyozua gumzo kubwa kuhusu bunduki miaka ya karibuni hayakuwa sheria mpya. Desemba 2018, Wizara ya Usalama wa Ndani iliwataka raia wenye leseni za bunduki wajitokeze wakaguliwe upya. Februari 2023, serikali ilizitangaza sehemu za kaunti sita kuwa hatari, ikatoa siku tatu kwa wenye bunduki haramu kuzisalimisha. Yote mawili yalikuwa maagizo yaliyotolewa chini ya sheria zilizokuwapo tayari. Agizo lina muda wake, lina eneo lake, lina walengwa wake. La 2018 lilimhusu mwenye leseni. La 2023 lilimhusu asiye nayo. Ukiyaita yote “sheria mpya ya bunduki”, umewachanganya watu wawili ambao hawakuwa katika foleni moja.

Na eneo je? Kaunti sita zilizotajwa 2023 ni Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Elgeyo Marakwet, Laikipia na Samburu. Nakuru haikuwamo. Lakini ukitoka Nakuru mjini kuelekea Marigat, hujafika mbali umeingia Mogotio, na Mogotio ni Baringo. Sentensi yetu ya mfano haina kielezi cha mahali hata kimoja. Uvumi hupenda kuacha mahali wazi ili kila msikilizaji ajaze kwake.

Kisha kuna “silaha”. Kwa Kiswahili, upinde ni silaha, rungu ni silaha, sime na panga pia ni silaha yakinuiwa kudhuru. Sura ya 114 haizungumzii vyote hivyo. Msingi wa fasili yake ni chombo chenye mtutu kinachoweza kufyatua risasi na kuua, pamoja na risasi zenyewe. Mzee wa Mau Narok anayesikia “silaha zote” anaufikiria upinde uliotundikwa ukutani. Mwenye duka mjini anaifikiria bastola aliyoikatia leseni. Kama tunamaanisha bunduki na risasi, tuseme bunduki na risasi.

Linabaki “atapokonywa”. Kauli ya kutendwa humficha mtenda. Nani atapokonya? Kwa amri ya nani? Isitoshe, kusalimisha, kurejesha, kutwaliwa na kupokonywa si visawe. Polisi wa akiba hurejesha bunduki ya serikali. Mhalifu hupokonywa. Hapa sidai kwamba wanaovumisha ni wajinga. Mwaka wa 2019 polisi wa akiba katika maeneo ya wafugaji walitwaliwa bunduki kweli, na kumbukumbu hiyo ingalipo. Uvumi hushika pale penye ukweli wa jana. Ndiyo sababu kuukanusha kwa kelele za “Huo ni uongo!” hakufui dafu. Aliyeyaona ya jana atakuona wewe ndiye mwongo.

Sisi wa magazeti hatuna mikono safi. Tumezoea vichwa vya habari vya kitenzi-jina: “Wenye bunduki kukaguliwa”, “Wafugaji kupokonywa silaha”. Hicho ku- huokoa nafasi ukurasani, lakini huficha swali kubwa: imeamuliwa, imependekezwa, au kuna mbunge mmoja tu aliyeropoka mazishini? Msomaji aliyeona kichwa cha habari peke yake kibandani ameondoka na amri iliyo katika pendekezo.

Linganisha na mazungumzo ya kawaida. Mama wa Soko la Wakulima husema, “Eti wanataka kuchukua bunduki za watu.” Hilo “eti” lina kazi kubwa. Linamwambia msikilizaji kwamba habari si ya msemaji na kwamba yeye hajaithibitisha. Habari hiyo hiyo ikiandikwa simuni kwa Kiswahili cha kirasmi, “eti” hudondoka, “wanataka” hugeuka “imepitisha”, na tetesi huvaa suti. Mara nyingi tunawakemea watu kwa kuandika kama wanavyosema. Katika hili, mazungumzo yana uaminifu ambao maandishi yamekosa.

Lawama nyingine iende kwa wenye sheria. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hata hivyo, Sura ya 114 na miswada ya kuirekebisha huandikwa kwa Kiingereza. Tanzania, tangu mabadiliko ya 2021, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zake. Kwetu, sheria hukaa kwa Kiingereza na uvumi husafiri kwa Kiswahili, kisha tunashangaa kwa nini uvumi hufika kwanza.

Bunge lianze na dogo: kila mswada unaogusa usalama uandamane na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema ni nani anayependekeza, umefika hatua gani, unamhusu nani, wapi, na kuanzia lini. Wahariri nao wakirejeshee kitenzi njeo yake. Na wewe msomaji, ujumbe ukikufikia usiku huu bila mtenda, bila mahali na bila tarehe, usiutume mbele. Kama lazima uutume, basi walau urudishie “eti” yake.