Geuza Kinyago Utazame Kitako

Mnunuzi mzoefu wa nanasi akifika Kiwangwa, kwenye meza zilizopangwa kando ya barabara ya lami ya Bagamoyo kwenda Msata, hababaishwi na majani ya juu. Hulipindua nanasi akalinusa kitako. Utamu huanzia huko, na kuoza nako huanzia hukohuko. Nimekulia katika mashamba hayo, na tangu nianze kusomea uchongaji Bagamoyo mjini nimeona kwamba hakuna somo la darasani lililonisaidia kukagua kinyago cha mpingo kuliko tabia hiyo ya kupindua. Mbele ya kinyago ni upande ambao kila mchongaji ameutolea jasho. Ukitaka kujua kazi ni ya namna gani, anza na mahali ambapo yeye alidhani hutaangalia.

Kabla ya kukitazama, kishike. Mpingo ni mzito kiasi kwamba kipande chake kikitupwa majini kinazama. Kinyago chenye urefu wa mkono kikikujia chepesi kama mwiko, hicho si mpingo, hata kama ni cheusi tii. Na weusi wenyewe usikudanganye. Mpingo halisi hauna weusi wa namna moja. Ukiupeleka juani utaona kahawia iliyoiva, na mahali pengine mistari ya zambarau. Nje ya kiini kuna tabaka jembamba la mti mweupe unaoelekea manjano. Kwa hiyo kinyago cheusi sawasawa pande zote, chenye harufu ya dawa ya viatu, kipindue, kisha ukikwaruze kidogo kitakoni kwa ncha ya msumari. Mpingo utabaki mweusi ndani. Mti laini uliopakwa rangi utakuonyesha nyama nyeupe. Kitambaa chenye maji pekee hakitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu hata mpingo wa kweli uliong'arishwa huweza kuacha alama.

Simaanishi kwamba mti laini ni kosa. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, alichonga mti laini akaupaka rangi kali za kumeremeta, na mashetani wake wenye masikio makubwa wamezunguka dunia. Rangi yake haikujifanya kitu kingine, ilikuwa sehemu ya kazi. Hata Wamakonde wenyewe, waliotuletea mpingo katika sanaa ya kuuzwa, barakoa zao za mapiko za tangu zamani walizichonga kwa mti mwepesi, maana ni za kuvaliwa kichwani na kuchezewa. Kinachokataliwa ni mti laini unaouzwa kwa jina la mpingo.

Ufa ni habari ndefu zaidi. Mpingo hukauka polepole mno, na fundi mwenye haraka ya hela huuchonga ukiwa bado una maji. Huku pwani, penye unyevu wa bahari, kinyago hicho kitatulia. Kikipelekwa Dodoma, au kwenye nyumba ya Ulaya yenye joto la mashine, kitapasuka. Mafundi wazuri huziba ncha za gogo kwa nta ili maji yatoke taratibu, kisha wanasubiri. Wengine hungoja ufa utokee, wakachanganya gundi na unga wa msasa, wakauziba na kupiga msasa upya. Kiziba hicho kinaonekana ukikilaza kinyago ili mwanga ukipige kwa ubavu: utaona mstari usio na nyuzi, uliokufa kidogo kuliko mti unaouzunguka. Mimi ufa ulioachwa wazi siuchukii. Nimeona vinyago ambavyo ufa umefuatwa ukawa mkunjo wa kanga, na hapo ndipo ninapoanza kumheshimu mchongaji.

Kwa sababu mpingo ni mti mbishi. Shina lake mara nyingi lina mabonde na vifundo, na kiini huweza kuwa na uozo ambao hujui upo mpaka umeufikia kwa patasi. Vipande vilivyonyooka, visivyo na doa, vinatafutwa na watengenezaji wa klarineti na obo, na mchongaji hupata vilivyopinda. Usilie juu ya hilo. Inasimuliwa kwamba Samaki Likankoa, Mmakonde aliyekuwa akichonga Dar es Salaam katika miaka ya 1950, alivunjikiwa mkono wa kinyago cha binadamu alichokuwa akikichonga, na badala ya kukitupa akakigeuza kiumbe cha ajabu, na huo ukawa mwanzo wa mtindo wa shetani. Kila ninaposimama mbele ya shetani najiuliza: huu mkunjo ulitoka kwenye mti au ulitoka kwenye mazoea? Shetani aliyetokana na mti ana pinda ambalo huwezi kulibuni ukiwa umekaa. Jicho lipo pale kifundo kilipokuwa. Shetani wa mazoea ana macho mahali palepale alipokuwa nayo mwenzake wa jana.

Sasa ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana, mtindo unaohusishwa na Roberto Yakobo Sangwani. Wengi huhesabu watu. Idadi ni uvumilivu, na uvumilivu ni sifa, lakini haujakuwa sanaa bado. Chungulia matundu. Kila mtu aliye ndani ana uso, au ameachwa donge lenye pua tu? Miguu yake inakanyaga kitu? Mkono unaotokea upande huu unamwishia nani upande ule? Kuta za tundu zimepitiwa na tupa, au bado zina meno ya patasi?

Siku moja mzee mmoja, fundi wa miaka mingi, alitembelea darasa letu wakati tumepanga kazi mezani ili tukosoane. Tulimsalimu, akaitikia marahaba, hakukaa. Akachukua ujamaa wa mwenzetu mmoja, kazi ambayo sote tulikuwa tumeisifia. Akauelekeza juu, akapuliza kwa nguvu ndani ya tundu la katikati. Vumbi la mbao likamrukia mwenye kazi usoni.

"Hapa ulichoka, mwanangu," akamwambia kwa upole.

"Ndiyo, mzee. Niliogopa kuvunja."

"Basi ulipoogopa pameonekana."

Akaurudisha mezani akaenda kwa mwingine. Ni uhakiki mzuri kuliko wote niliowahi kuusikia, kwa sababu alionyesha mahali. Sisi wanafunzi tuna ugonjwa wa kusema "kazi nzuri, hongera". Hongera ni adabu njema, lakini haimsaidii mtu kesho yake akiwa ameshika tezo. Ukikosoa kazi ya mwenzio weka kidole mahali, taja unachokiona, muulize alikuwa anatafuta nini pale, kisha nyamaza umsikie. Wahenga walisema kinyago ukichonge mwenyewe kikutishe mwenyewe? Hapana, hakikutishi, na shida ndiyo hiyo. Umekijua kikiwa gogo, umekibeba, umekilalia macho. Huwezi tena kushtushwa nacho wala kukiona upya. Unahitaji jicho la mtu ambaye hakuwepo.

Na jicho hilo halipatikani chuoni peke yake. Bagamoyo imejaa wasanii: chuo cha sanaa kilianzishwa mwaka 1981, na leo ni TaSUBa, na tamasha lake limekuwa likifanyika tangu mwaka 1982. Watu huja kwa ngoma, muziki na maigizo, na ndivyo inavyostahili. Lakini vinyago katika maonesho mengi huishia kwenye meza iliyosukumwa ukutani, mgongo wa kazi ukitazama chokaa. Maonesho ya namna hiyo yanamlinda mchongaji mvivu na kumdhulumu hodari, kwa kuwa upande wa hodari haufikiki. Tulipopata nafasi ya kupeleka kazi zetu Kiwangwa tuliziweka chini ya mwembe, kila moja juu ya kigoda, na nafasi ya mtu kuzunguka. Tukawaambia watu washike.

Wakashika. Wakulima waliotoka shamba, mikono bado ina mikwaruzo ya miba ya nanasi, walipima uzito, wakapindua, wakagonga kwa kucha kusikia mlio. Bibi mmoja alisimama muda mrefu mbele ya ujamaa. Tulidhani anahesabu watu.

"Huyu wa chini ndiye kawabeba wote?" akauliza.

"Ndiye, bibi."

"Mbona shingo yake haijakaza?"

Mwenye kazi akachuchumaa akaitazama shingo ile. Ilikuwa laini, imepigwa msasa vizuri, na haikubeba chochote. Bibi yule amebeba matenga na ndoo kichwani maisha yake yote. Hakuhitaji kujua jina la mtindo ili aone kwamba uzito wa mnara ule haukuwa umefika chini. Tangu hapo, kila ujamaa naanza na mtu wa chini kabisa. Mshipa wa shingo, magoti, vidole vya miguu vinavyoshika ardhi. Kama mzigo umefika huko, wa juu wanaweza kusamehewa mengi.

Lipo jambo jingine ambalo mnunuzi ana haki ya kuliuliza, nalo ni mti umetoka wapi. Mpingo huchukua miaka 70 na zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa, na huku kwetu, jirani na msitu wa hifadhi wa Kiwangwa-Pongwe, tunajua jinsi tanuri la mkaa lisivyochagua mti. Gogo halali lina kibali, na limegongwa nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu. Alama hiyo hupotea mti ukichongwa, kwa hiyo iandikwe kwenye kadi ya maonesho, pamoja na jina la mchongaji, aina ya mti na mwaka. Kadi nyingi nilizoziona zina bei tu.

Ukiandaa maonesho, mweke mchongaji karibu na kazi yake, na kazi iinuliwe hadi kimo cha kifua ili watu wasiiname. Pasiwe na bango la "Usiguse". Mnunuzi naye asianze na bei. Amuulize fundi ni sehemu gani ya mti huu iliyomsumbua, kisha akitazame kinyago mahali hapo.